Magugu Katikati ya Mawe



Leo twapenda kunena nanyi juu ya jambo dogo, yaani magugu yaotayo katikati ya mawe yaliyotandikwa njiani. Twajua ya kuwa wako watakaocheka na kusema, "Huyu mwalimu amekosa maneno. Mashamba yetu yamejaa magugu, naye atuletea magugu ya njiani!" Na wacheke, si neno. Lakini watuvumilie kidogo, maana magugu ya njiani yalimvunja mjomba wetu mkono, na dawa ya magugu hayo ilikaribia kuingia katika chungu cha bibi mmoja jirani yake. Na katika jambo hilo la pili wenye kosa tulikuwa sisi.

Mjomba wetu akaa Kwamkoro. Msikilizaji aliye mbali asidhani kwamba kila mahali paitwapo Usambara ni pamoja. Milima hiyo imegawanyika sehemu mbili. Iko ile ya Magharibi, yenye mji wa Lushoto, na iko ile ya Mashariki, yenye Amani. Na baina yake limelala bonde la mto Lwengera. Kwamkoro ni upande wa Mashariki, si mbali na Amani, katika wilaya ya Muheza, mahali penye mashamba ya chai yaliyopakana na msitu mkubwa. Nchi yenyewe imeinuka kadiri ya mita 900 au 1,000 juu ya bahari, na upepo utokao Bahari ya Hindi hupanda na kumwaga maji yake hapo, hata mvua ya mwaka hufika karibu milimita 2,000. Hakuna mwezi upitao pasipo mvua kabisa. Nguo zilizofuliwa Jumatatu aghalabu hukauka Jumatano, na kiatu kilichosahauliwa mvunguni mwa kitanda huota ukungu. Basi mahali ambapo hata kiatu huota, nani atastaajabu akiona gugu njiani?

Nyumba ya mjomba imejengwa juu ya kilima kidogo, na kutoka barabara ya shamba la chai hata mlangoni pake iko njia ya motakaa, urefu wake yapata hatua 60, iliyotandikwa mawe bapa ya mtoni. Mawe hayo aliyaweka kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na wanawe, zamani alipokuwa na nguvu, kusudi gari lisikwame katika matope ya masika. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa safi kama baraza. Kisha wana wakaoa, wakaenda zao Tanga na Dar es Salaam, mkewe akafariki, naye nguvu zikampungua. Magugu hayakuja kwa siku moja. Yalikuja moja moja, kama wageni wabishao hodi, hata mzee alipotazama siku moja hakuyaona mawe tena. Na kwa kuwa majani yalizuia jua na upepo, juu ya mawe yenyewe ukatanda ule utando wa kijani uutelezao mguu kuliko sabuni. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, alipokuwa akishuka kwenda barabarani, mguu ulimtoka, akaanguka, akavunjika mkono wa kuume karibu na kiwiko. Motakaa iliyoitwa kumchukua hospitali ilipanda hatua ishirini tu, magurudumu yakazunguka mahali pamoja, ikabidi vijana wamshushe mzee kwa kiti.

Tulipoletewa habari tuliomba ruhusa chuoni, tukaenda. Na tulipokwisha kumwona mgonjwa tukafanya kama wafanyavyo watu wengi wenye elimu na likizo fupi: tukatafuta njia ya mkato.

Kwanza tulinunua chumvi ya mawe, nusu gunia, tukaikoroga katika maji, tukaimimina njiani kutoka juu hata chini. Hesabu yetu haikuwa mbaya kwa kitabu. Chumvi nyingi ikiwa udongoni huyavuta maji yatoke mizizini, na mmea hukauka ingawa umesimama katika unyevu. Kwa juma moja magugu yalikuwa manjano, nasi tukarudi chuoni tukijisifu. Lakini tulisahau mvua. Mvua ya Kwamkoro iliiosha chumvi yote mawe yakabaki matupu, ikaiteremsha upande wa chini, penye maharagwe ya mjomba na iliki yake, na penye majani ya kulishia ng'ombe ambayo mizizi yake ndiyo iliyoushika ukingo wa njia. Maharagwe yakanyauka. Majani ya ukingoni yakafa, mizizi ikaoza, na mvua zilizofuata zikaupukutisha ukingo, hata mawe manne ya mwisho yakazama upande mmoja kama meno ya mzee. Na katikati ya mawe, ambapo chumvi ilikuwa imekwisha kuondoka, magugu yakachipuka upya. Chumvi ilitoka mahali tulipoitaka, ikaenda mahali tusipoitaka. Mjomba hakutukemea. Alisema neno moja tu: "Mpwa wangu, umetia chumvi katika mboga ya mtu mwingine."

Mtu mwenye busara angekomea hapo. Sisi tulikuja likizo ya pili na chupa ya dawa ya dukani.

Dawa hiyo ni ile iitwayo glaifosati. Nguvu yake ya kuua magugu iligunduliwa Marekani mwaka 1970 na mwanakemia John Franz, na tangu mwaka 1974 imeuzwa, hata leo ni mashuhuri karibu katika kila nchi yenye wakulima. Huingia kwa jani la kijani, ikashuka mpaka mzizini, ikauzuia mmea usijitengenezee vitu vinavyoukuza. Tulivaa viatu vya mpira, tukafunga kitambaa puani, tukanyunyiza jioni moja tulivu. Kisha tukanawa, tukala, tukalala.

Asubuhi tulikuwa barazani tukinywa chai tulipomwona bibi mmoja, jirani, amefika mwisho wa njia na kikapu mkononi. Huyu bibi, kwa miaka isiyohesabika, hupita pembeni mwa njia ile akichuma mchunga, mnavu, na ile mbwembwe ambayo watu wa pwani huiita kishona nguo, kwa maana mbegu zake hushika nguo ya apitaye. Kwetu sisi yalikuwa magugu. Kwake yalikuwa kitoweo cha mchana. Tulitupa vikombe, tukakimbia.

"Shikamoo, bibi. Mboga hizo umezichuma wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Si hapa kwenu? Mbona wahema?"

Tukamweleza. Akayatazama majani yaliyo kikapuni. Yalikuwa mabichi na mazuri kama siku zote, maana dawa ile hukawia siku kadhaa kabla mmea haujaonyesha ugonjwa. Hapana jicho ambalo lingetambua. Bibi akauliza polepole, "Na ya jana je? Jana nimepika, nimewapa na wajukuu." Tukahesabu, mioyo ikitupiga: jana alichuma asubuhi, nasi tulinyunyiza jioni. Akakimwaga kikapu chini, akasema, "Ninyi ni walimu. Kazi yenu si kusema? Mngalisema basi." Akaenda zake bila kuaga. Maneno hayo yametukaa mpaka leo, wala hatukupata jibu lake.

Juu ya madhara ya dawa hiyo kwa wanadamu wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2015 baraza la uchunguzi wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya la Dunia liliiweka katika daraja la vitu ambavyo yamkini huleta saratani. Mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya nchi za Ulaya ikasema kwamba haielekei kuleta. Sisi si waamuzi wa wakubwa hao. Lakini ziko dawa nyingine za magugu ambazo juu yake hapana ubishi: parakwati, kwa mfano, mtu akiimeza hata kwa funda dogo aweza kufa, wala haijapatikana dawa ya kuiondoa sumu yake. Na mara ngapi tumeona dawa za namna hii zimetiwa katika chupa ya soda na kuwekwa rafuni karibu na mafuta ya kupikia? Huo si ukulima, ni kuchezea roho za watoto.

Tena liko jambo linalohusu mawe hasa, ambalo maelezo ya kwenye chupa hayakutufundisha kulifikiri. Dawa hii ikianguka shambani, udongo wa mfinyanzi huishika kwa nguvu, isiende mbali. Ikianguka juu ya jiwe, jiwe halishiki kitu. Mvua ya kwanza huichukua. Na maji ya Kwamkoro yaenda wapi? Hushuka vijito, vijito vikaingia mto Sigi, na mto Sigi ukateremka hata bwawa la Mabayani, ambalo tangu miaka ya 1970 ndilo liwapalo watu wa Tanga maji. Wana wa mjomba wako Tanga. Tulikuwa twawapelekea salamu ambazo hawakuzitaka.

Baada ya juma tatu magugu yote yalikufa, twakiri. Baada ya miezi mitatu yakarudi yote, kwa sababu dawa huua jani lililopo, haigusi mbegu iliyolala mchangani. Na mbwembwe moja tu ikiachwa izae hutoa mbegu kwa maelfu.

Likizo ya tatu mjomba alikuwa amepona kiasi cha kuketi nje. Alituita, akaagiza magunia mawili matupu na visu vikuukuu viwili, akaketi juu ya gunia moja kileleni pa njia, akatuonyesha la pili. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi katika kitalu cha miche ya chai, naye mzizi aujua kama sisi tujuavyo herufi. Akasema, "Mmepigana na majani mwaka mzima. Majani hayana kosa. Tazama hapa." Akaingiza ncha ya kisu katikati ya mawe mawili, akakoroga, akatoa udongo mweusi, laini, wa kupandia maua. "Huu haukuwako nilipoyatandika mawe haya. Umeletwa."

Na kweli uliletwa. Jani lianguka juu ya jiwe, laoza, mvua yalisukuma katika ufa. Motakaa yaja na matope magurudumuni, yayaacha. Nyungunyungu wapandisha udongo wa chini usiku. Kisha fikirini juu ya maji: jiwe moja pana lapokea mvua, nalo halinywi hata tone, lote lateremka katika ufa uliolizunguka, basi ufa wa upana wa kidole wapata maji ya jiwe zima, na jua likiwaka jiwe laufunika usikauke. Mkulima akitaka kujenga kitalu bora kuliko hicho atatumia fedha nyingi. Twaambiwa na wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tulikuwa tumekariri methali hiyo tangu darasa la pili, tumeifundisha, tumeitungia mitihani, na siku zote tulidhani ni habari ya ukuta.

Mjomba akanyosha mkono ule mzima kuelekea msitu. "Hata ule," akasema, "uliingiwa kwa namna hii hii." Hapo twaomba ninyi wanafunzi msikilize, kwa maana habari hii ni ya nchi yenu. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha Amani kituo cha kuchunguza mimea na kilimo, wakaleta miti na vichaka kutoka pande nyingi za dunia, wakavipanda ili wajue vipi vitaleta faida. Vilivyo vingi vilikaa mahali vilipopandwa. Vichache vilitoka. Kimoja ni kichaka kiitwacho na wataalamu Clidemia hirta, chenye majani ya manyoya na tunda dogo la rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Asili yake ni nchi za joto za Marekani, na leo kimejaa pembeni mwa njia za msituni. Cha pili ni mti mrefu uitwao Maesopsis eminii, ambao nao ni mgeni katika milima hii. Zamani msitu ulipokuwa umefungamana, kivuli kilikuwa kizito, na mgeni hakuwa na pa kusimama. Lakini katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 miti mikubwa ya Kwamkoro ilikatwa kwa mashine, magogo yakaburutwa, pakabaki nafasi wazi zenye jua. Hondohondo hupenda sana tunda la Maesopsis. Wakala, wakaruka, wakaangusha mbegu, na kila penye uwazi mti mgeni ukasimama. Ukataji ule ulikwisha kusimamishwa kabla ya mwaka 1990, na mwaka 1997 msitu wa Kwamkoro ulitiwa pamoja na misitu jirani katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Lakini miti iliyokwisha kuingia haikutolewa kwa tangazo. Ingali humo.

Tukarudi kwenye visu vyetu. Kazi yenyewe tutaieleza kama tulivyoonyeshwa.

Hufanywa siku moja baada ya mvua, wakati udongo ungali laini na mawe yameanza kukauka. Ncha ya kisu imepindwa kidogo kwa nyundo, iwe kama ukucha. Huingizwa chini ya shina, mkono wa pili hushika gugu pale linapotoka ardhini, si juu kwenye majani, na vyote viwili huvuta pamoja. Gugu la mbegu, kama mbwembwe, hutoka mara moja, na likitolewa kabla halijachanua kazi yake imekwisha. Ukoka ni mkaidi, maana hutambaa chini ya jiwe na kutokea upande wa pili; afadhali kuufuata kwa subira kuliko kuukata vipande. Kongwe haifai kuachwa imelala njiani hata ikiwa imeng'olewa, kwa kuwa kila kifundo cha shina lake huweza kutoa mizizi mipya. Sisi tuliianika juu ya bati mpaka ikakauka kabisa. Lakini adui mkubwa ni ndago. Aking'olewa, jani hukubali kwa urahisi mno, na mtu hufurahi. Huku chini mmebaki vijiazi vyeusi vilivyofungamana kama shanga katika uzi, na kila kimoja kitachipuka. Kwa ndago hapana hila. Jiwe huinuliwa kwa mtaimbo, udongo huchimbwa na kuchekechwa, vijiazi huokotwa hata cha mwisho, ndipo jiwe hurudishwa mahali pake.

Siku ile ya kwanza tulisafisha hatua nane. Nane! Mgongo uliuma, na magoti yaliacha alama katika gunia. Hapo tukakumbuka kosa letu la kale, nalo ni la walimu wengi. Chuoni petu pia iko njia ya mawe, na kwa miaka mingi tuliwapeleka huko wanafunzi waliochelewa kengele, wang'oe magugu kama adhabu. Vijana kumi na wawili waliweza kuisafisha njia nzima kwa nusu saa, nasi tukapita tukiridhika. Baada ya majuma mawili ilikuwa imeota kuliko kwanza. Tuliwaita, tukawafokea, na mmoja akajibu kwa adabu, "Mwalimu, ulituambia tung'oe mpaka kengele ilie. Hukutuambia tung'oe mpaka mzizi utoke." Tulimwongezea siku mbili. Leo twaona kwamba kijana yule alisema kweli, na twapenda ajue hivyo ikiwa atusikia. Mtu aliyeadhibiwa hungoja kengele; hawezi kungoja mzizi. Na tena, tukiifanya kazi ya palizi kuwa fimbo, kijana atakapotoka shuleni ataliepuka jembe kama aiepukavyo fimbo, kisha tutasimama mikutanoni kulalamika kwamba vijana hawapendi kulima.

Njia ilipokwisha kutolewa magugu, siku ya tano, ulibaki ule utando wa kijani. Tuliupiga kwa ufagio mgumu wa chelewa na mchanga wa mtoni, bila sabuni, ukatoka. Mjomba akaamuru pia matawi ya ua yaliyoinamia njia yakatwe, jua la saa nne liyafikie mawe, maana utando ule hauishi penye jua. Miche midogo sana isiyoshikika kwa vidole tuliimwagia maji yachemkayo, yale yaliyobaki jikoni. Huiva papo hapo, wala hayadhuru kitu mbali na pale yalipomwagwa. Walakini hatushauri mtu akate kuni kwa kazi hiyo peke yake, na watoto wakae mbali na birika.

Kisha ikaja kazi ya kuziba. Tulichukua mchanga mchangarawe kutoka kijitoni, tukauosha katika karai mara tatu mpaka maji yakawa safi, kwa sababu mchanga wenye udongo ni kurudisha kitalu kile kile. Tukaumimina katika nyufa, tukaushindilia kwa mti uliochongwa bapa, tukamwaga maji, ukashuka, tukaongeza, tukashindilia tena, mpaka ukabaki chini ya uso wa jiwe kwa unene wa ukucha. Palipokuwa na nafasi pana tulipachika vijiwe. Saruji tuliitia mahali pamoja tu, pale penye mteremko mkali ambapo magurudumu yaliteleza, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Jirani alishangaa kwa nini hatukuitia njia nzima tukamaliza maneno. Jibu ni kwamba maji yasipoweza kuzama popote yatakimbia yote pamoja, na ukingo wa mjomba ulikuwa umekwisha kuonja ubaya wetu mara moja. Isitoshe, maji ya saruji na ya chokaa huupunguzia udongo uchachu wake, na chai hupenda udongo wenye uchachu. Si adabu kuyaelekeza kwa miche ya mtu. Ukingo wenyewe tuliupanda ukoka na majani ya ng'ombe upya. Naam, ukoka ule ule tuliokuwa tukiung'oa hatua mbili mbele. Pale una kazi.

Siku ya mwisho mjukuu mmoja wa mjomba, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameshika kazi kwa bidii kuliko sisi, alifika kwenye ukuta wa mawe ulio kivulini upande wa msitu, akaushika mmea mdogo wenye majani manene ya manyoya na ua la zambarau, ulioota katika ufa wa jiwe. Mzee akapiga kelele, "Huo uache!" Mtoto akauliza, "Si gugu, babu? Umeota katika mawe." Ikawa zamu yetu sisi kuwa na faida. Tukamweleza kwamba mmea ule ni mwenyeji halisi wa milima hii, na maskani yake ni nyufa za miamba yenye kivuli. Kwamba mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyetawala wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akauita Saintpaulia kwa jina lake. Na kwamba leo wazao wake wapandwa vyunguni madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, huku ndugu zao wa mwituni wakipungua kila msitu unapokatwa. Mtoto aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wale watu wa Ulaya waujua Kwamkoro. Tulisema labda hawaujui. Akaona ni vibaya.

Tangu siku hiyo umepita mwaka na miezi minne. Mjukuu yule hufagia njia kila Jumamosi kabla ya kwenda kuteka maji, na ufagio umefanya kazi kubwa kuliko vitu vyote tulivyonunua, kwa maana jani lisiloachwa lioze haliwi udongo. Mara moja kwa mwezi, baada ya mvua, mzee na mtoto huketi juu ya magunia kwa saa moja, wakatoa kinachotoka. Aghalabu hakijai kofia. Bibi jirani alirudi kupita pembeni, baada ya miezi mingi na baada ya kutumiwa ujumbe mara mbili kwamba dawa haikunyunyizwa tena, lakini sasa, kabla hajachuma, husimama barabarani akaita, "Mwalimu yupo?" Akijibiwa kwamba hayupo, huingia.

Yamebaki mawe manne ya chini, yale yaliyozama. Chini yake mna ndago, na kuyainua wakati wa mvua ni kuufungua ukingo. Mjomba ameagiza tufike mwezi wa Januari, mvua zipunguapo, tuje na mtaimbo, na tusije na chupa yoyote.